Siki, Tochi na Leza: Namna Mwanga Unavyofuatilia HPV

Mwambie mwanachuo wa kawaida kwamba kuna njia za kugundua na kutibu madhara ya HPV kwa kutumia mwanga, na kichwani mwake itakuja mashine kubwa kutoka Ulaya, chumba chenye kiyoyozi na daktari bingwa aliyevaa miwani ya kijani. Ngoja nikwambie kitu. Njia ya mwanga tuliyoizoea zaidi hapa Tanzania ni taa, pamba na siki. Siki kama ile ya kwenye kachumbari, ila ukali wake umepimwa uwe kati ya asilimia 3 na 5. Inafanyika hospitali za wilaya, inafanyika vituo vya afya, na mama anapewa jibu kabla hajashuka kitandani.

Mimi nasoma udaktari, na kwetu ni Ngara, kule Kagera inakopakana na Rwanda na Burundi. Likizo iliyopita nilifanya field kwenye kituo kimoja cha afya huko nyumbani, na kazi iliyonikaa kichwani kuliko zote ni ya chumba kidogo cha uchunguzi wa mlango wa kizazi. Darasani siki tulipewa dakika kama kumi hivi, nusu ya watu wakisinzia. Mwalimu alipofika kwenye leza, darasa zima likaamka. Nadhani usingizi ule ulikuja mahali pasipofaa, na ndiyo sababu ya makala hii. Fizikia ya tochi na siki haina tofauti kubwa na fizikia ya mashine za mamilioni. Tena kinachoamua kama mama atapona mara nyingi si ubora wa mwanga, ni muda unaopita kati ya kuona na kutibu.

Kwanza HPV yenyewe, kwa kifupi. Ni kundi la virusi lenye aina zaidi ya 200. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazoleta karibu masundosundo yote ya sehemu za siri, kwa wanaume na kwa wanawake. Hayo yanakera na yanatia aibu, lakini kwa kawaida hayaui. Aina ya 16 na ya 18 ndizo hatari zaidi, zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Mjerumani Harald zur Hausen alifuatilia uhusiano huo kwa miaka mingi mpaka akapewa Nobeli mwaka 2008. Watu wengi walioanza maisha ya mapenzi wanaipata HPV wakati fulani, na wengi wao mwili unaifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili bila hata wao kujua. Kwa hiyo kuwa nayo si ushahidi wa umalaya, naomba hilo lieleweke kwenye hosteli zote. Kondomu inapunguza uwezekano wa kuambukizwa lakini haizibi kila kitu, maana virusi hivi vinapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi.

Shida inawakuta wale wachache ambao virusi vinang'ang'ania. Kwao seli za mlango wa kizazi zinaanza kubadilika polepole, na kutoka hapo hadi saratani kamili ni safari ya miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, safari inafupika, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii na vifo zaidi ya 6,000. Miaka 15 si muda mchache. Ndiyo maana ugonjwa huu unaniudhi kuliko mingine tunayoisoma: unakuachia nafasi yote hiyo, na bado wagonjwa wengi wanafika hospitalini ukiwa umeshasambaa.

Kwa nini siki inatoa weupe

Ukipanda basi alfajiri kutoka Ngara kwenda Nyakanazi, kuna siku ukungu unalala mabondeni mpaka dereva anapunguza mwendo. Akiwasha taa kali haoni mbali zaidi, anaona ukuta mweupe. Ukungu ule si rangi nyeupe. Ni matone ya maji, na kila tone peke yake linapitisha mwanga kama kioo. Lakini yakiwa mengi yamebanana, mwanga unagonga hili, unagonga lile, unatawanyika na kurudi kwenye macho ya dereva kabla haujafika barabarani.

Shika picha hiyo. Mlango wa kizazi ulio mzima una tabaka jembamba la seli juu, na chini yake kuna mishipa midogo ya damu. Mwanga wa tochi unapita tabaka la juu bila tabu, unafika kwenye damu, hemoglobini inameza sehemu ya kijani na ya bluu, na kinachorudi kwa muuguzi ni rangi ya waridi. Seli zilizobadilishwa na HPV zina viini vikubwa, vimebanana, vimejaa protini na vinasaba. Siki inapopakwa inavuta maji kutoka kwenye seli na kugandisha protini kwa muda, jambo linalofanana na ute wa yai unapoingia kwenye kikaango. Sasa pale penye viini vingi panakuwa na ukungu mzito. Mwanga unatawanywa na kurudishwa kabla haujafika kwenye damu. Ndiyo ile alama nyeupe. Pale penye seli nzima, hakuna cha kugandisha cha kutosha, waridi inabaki.

Kumbe basi siki haina uwezo wa kunusa virusi. Inabadilisha njia ya mwanga, halafu jicho linasoma.

Weupe unahitaji kama dakika moja kutokea, na baada ya dakika chache unafifia. Sista niliyekuwa naye alikuwa anahesabu kwa saa ya ukutani, hakubali kuharakishwa hata foleni iwe imefika nje. Alikuwa anatafuta weupe mzito, wenye kingo zinazoonekana vizuri, unaogusa mpaka ule ambapo aina mbili za seli zinakutana, kwa sababu hapo ndipo HPV inapopenda kuanzia kazi. Weupe mwembamba usio na kingo unaweza kuwa maambukizi ya kawaida, au mahali panapopona jeraha, na hapo ndipo udhaifu wa kipimo ulipo. Kingine: mwanamke akishakoma hedhi, mpaka ule unarudi ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi. Mwanga haukati kona. Kwa mama wa miaka 50 na kuendelea, unaweza kupaka siki na kumulika vizuri kabisa na usione eneo lenyewe, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" kwake halina uzito uleule.

Siki ina ndugu yake, iodini, iliyoletwa kwenye kazi hii na Walter Schiller wa Vienna. Hiyo inatumia kumezwa kwa mwanga badala ya kutawanywa. Seli nzima zina akiba ya wanga, iodini inazigeuza kahawia iliyokolea. Seli zilizobadilika zimemaliza akiba yao, zinabaki na rangi ya haradali.

Halafu kuna kolposkopi. Hans Hinselmann aliitengeneza Ujerumani mwaka 1925: darubini ya macho mawili yenye taa, unaiweka nje ya mwili na kuangalia ndani kwa ukubwa mara kadhaa. Kitu ninachokipenda kwenye kolposkopi ni kichujio chake cha kijani. Ukimulika kwa kijani tupu, hemoglobini inakimeza chote, na mishipa ya damu inaonekana myeusi kama mistari ya kalamu kwenye karatasi. Mabadiliko makubwa yanaletewa damu kwa mishipa iliyopangika ovyo, vidoti au miraba kama ya sakafu ya vigae. Mtaalamu anaisoma mistari hiyo. Kazi hii haidai umeme wa gridi, taa ndogo ya LED na betri vinatosha. Nasema hivyo nikikumbuka kwamba Ngara ya utoto wangu iliwashwa na jenereta za dizeli, ilhali maporomoko ya Rusumo, yanayozalisha megawati 80 sasa kwa nchi tatu, yalikuwa yanaunguruma pembeni yetu siku zote.

Jicho la nani?

Hapa sasa ndo penye ubishi. Mpe muuguzi wa kwanza mlango wa kizazi mmoja, mpe wa pili uleule, wanaweza kukupa majibu mawili. Mwenye mafunzo ya wiki moja na aliyepima wanawake mia tano hawaoni ukungu mmoja. Na muuguzi wa kijijini anapokwama, yuko peke yake.

Kilimanjaro walijaribu kitu ambacho nakiona cha akili sana kwa sababu hakikudai mashine mpya. Mradi ulioongozwa na Karen Yeates wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, pamoja na wataalamu wa huku, uliwapa wauguzi simu janja. Muuguzi anapaka siki, anapiga picha, anamtumia mtaalamu, na jibu linarudi mama akiwa bado yupo. Walichapisha matokeo yao mwaka 2016. Faida haikuwa jibu la siku ile peke yake. Muuguzi anayeambiwa kila siku "hii ndiyo, ile siyo" anajenga jicho. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Duke, timu ya Nimmi Ramanujam ilitengeneza kolposkopi inayoingia mfukoni, yenye taa na kamera kwenye ncha, inayochomekwa kwenye simu au kompyuta, na imeshajaribiwa Afrika Mashariki.

Mtu wa kompyuta ataniuliza: kwa nini umsubiri mtaalamu wakati akili mnemba ipo? Swali zuri. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na wenzao waliifundisha kompyuta kwa picha za wanawake zaidi ya 9,000 wa Guanacaste, Costa Rica, waliofuatiliwa hadi miaka saba. Kompyuta ikawashinda binadamu waliosoma picha zilezile. Magazeti yakashangilia. Lakini picha zile zilipigwa kwa kamera ya aina moja, ya zamani, ya filamu. Walipojaribu kuihamisha kazi hiyo kwenye simu na kamera nyingine, mambo yakawa magumu, kwa sababu rangi ya taa ni nyingine, umbali ni mwingine, mng'ao wa ute unaakisi kivingine. Ilikuwa imejifunza mlango wa kizazi na imejifunza kamera kwa pamoja, haiwezi kutenganisha. Mnaosoma uhandisi wa kompyuta, kazi ipo hapo, na inaanza na fizikia ya taa kabla ya programu.

Tuchukulie sasa jicho limeona sawasawa. Mlango wa kizazi una weupe mzito, sista hana shaka. Kinachofuata?

Kwenye kituo nilichokuwepo, sitakitaja, matibabu yalikuwa ya kugandisha kwa baridi. Unahitaji mtungi wa gesi, unagandisha dakika tatu, unaachia tano, unagandisha tena tatu, mama anaenda nyumbani. Wiki yangu ya pili mtungi uliisha. Upimaji uliendelea, maana siki ilikuwepo. Siku moja walipatikana wanawake wawili wenye weupe. Wote wakaandikiwa waende hospitali nyingine. Mmoja aliondoka siku iliyofuata na mume wake kwa bodaboda. Wa pili alikunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye fundo la kanga, akamwambia sista, "Nitaenda tukishavuna maharage, mwanangu." Sista alimwita mama, akambembeleza, akamwandikia namba ya simu. Mimi field ikaisha, nikarudi chuo, na maharage sijui yalivunwa lini.

Mwanga ulishafanya kazi yake pale. Uliona. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha jambo hilohilo: kila safari ya ziada unayompa mwanamke kati ya kipimo na tiba inapunguza idadi ya wanaotibiwa. Ndiyo sababu ya msisitizo wa kuona na kutibu siku ileile. Na ndiyo sababu nafurahia kifaa cha joto kuliko nilivyotarajia. Asili yake ni kwa Mjerumani Kurt Semm, miaka ya 1960, kikasahauliwa sehemu nyingi, kikarudi kikiwa kidogo, kinashikwa mkononi, kinatumia betri. Ncha yake inapashwa joto hadi nyuzi 100 hivi, inaguswa kwenye eneo lililoathirika chini ya dakika moja, basi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Hakina mtungi. Hakina gesi ya kuisha.

Mwanga unapogeuka dawa

Nilisema darasa liliamka kwenye leza, tusiidharau. Leza inayotumika sana kwa madhara ya HPV ni ya kabonidayoksaidi, aliyoivumbua Kumar Patel, mzaliwa wa India, akiwa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1964. Mwanga wake huwezi kuuona, urefu wa wimbi ni nanomita 10,600, mbali kabisa na wekundu wa mwisho wa jicho letu. Maji yanaupenda mwanga huo kupita kiasi. Unamezwa wote ndani ya sehemu ndogo ya milimita, maji ya seli yanachemka ghafla, seli inageuka mvuke. Ndiyo maana daktari anaweza kufuta tabaka baada ya tabaka bila kuunguza vya chini. Kwa masundosundo makubwa yaliyoshindikana kwa dawa za kupaka, inasaidia sana. Ila kuna mambo mawili wasiyoyaandika kwenye matangazo. Moshi wake umewahi kukutwa na vinasaba vya HPV, kwa hiyo chumba kinahitaji mashine ya kunyonya moshi na barakoa za maana. Pili, leza inafuta kinachoonekana, wakati virusi vinaweza kuwa vimelala kwenye ngozi ya jirani inayoonekana nzima. Masundosundo yakirudi baada ya miezi, jirani wa chumba asikuambie umeambukizwa upya.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya nianze kusoma mambo haya usiku wa manane. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1900 kutoka Munich, mwanafunzi wa udaktari, narudia, mwanafunzi, Oscar Raab, alikuwa anapima sumu ya rangi ya akridini kwa wadudu wa seli moja wanaoitwa paramesia. Majibu yakawa yanagongana: siku nyingine wanakufa haraka, siku nyingine hawafi. Dawa ileile, kipimo kilekile. Badala ya kufuta namba zinazosumbua, akafuatilia tofauti ya siku hizo. Ilikuwa mwanga. Rangi peke yake haikuua sana, mwanga peke yake haukuua, viwili pamoja viliua. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, ndiye aliyekuja kuiita hali hiyo fotodinamiki, na walionyesha kwamba oksijeni lazima iwepo.

Leo inafanyika hivi. Mgonjwa anapakwa asidi iitwayo ALA, ambayo mwili wenyewe unaitengeneza kama hatua ya kwanza ya kuunda hemu ya damu. Seli zilizobadilika zinaichukua na kulimbikiza kitu kiitwacho protopofirini kuliko majirani zao. Unasubiri masaa kadhaa. Ukimulika kwa mwanga wa bluu-zambarau, nanomita 405 hivi, eneo lenye ugonjwa linang'aa wekundu wa waridi gizani: hapo umegundua. Ukibadilisha na kumulika kwa mwekundu wa nanomita 635, unaopenya ndani zaidi, protopofirini inapokea nishati na kuipa oksijeni ya jirani. Oksijeni ile inachachamaa, inaunguza utando wa seli, na inaisha nguvu kabla haijasafiri hata unene wa seli moja. Kwa hiyo anayekufa ni yule aliyebeba dawa. Kitu kimoja kimeonyesha ugonjwa na kimeutibu, ulichobadilisha ni rangi ya taa tu.

China wameitumia sana kwa masundosundo yaliyo ndani ya njia ya mkojo, mahali ambapo kukata au kuunguza ni balaa; ripoti ya Shanghai ya mwaka 2004 ilikuwa na wagonjwa 164, na wengi mno walipona bila makovu. Kwa mlango wa kizazi bado ni ya kwenye tafiti zaidi kuliko kwenye zahanati. Mvuto wake ni kwa wanawake vijana ambao hawajazaa. Kukata kwa kitanzi cha umeme ni tiba nzuri, lakini kunapunguza urefu wa mlango wa kizazi, na mimba za baadaye zinakuwa na hatari zaidi ya kuzaliwa kabla ya wakati. Mwanga hauondoi nyama.

Je, Ngara itaiona? Sikatai. Kule Aligarh, India, timu iliyomhusisha Tayyaba Hasan wa Boston ilitibu saratani za mwanzo za mdomo kwa ALA na taa ya LED inayotumia betri, mazingira yasiyo na anasa hata kidogo. Kwa hiyo taa si kikwazo. Kikwazo ni dawa, ambayo sijaiona kwenye rafu ya duka lolote la dawa Kagera, na masaa ya kusubiri. Mama aliyetoka upande wa Rulenge na mtoto mgongoni akiambiwa asubiri masaa matatu ndipo amulikwe, na akitoka ajihadhari na mwanga pale alipopakwa dawa, atapiga hesabu ya usafiri wa kurudi na kuondoka. Kwa sasa, mimi nikipewa fedha ya kununua kitu kimoja kwa ajili ya wilaya yetu, nanunua vifaa vya joto vya betri na chaja zake. Mnaopenda utafiti, tengenezeni ALA ya bei rahisi inayofanya kazi kwa dakika, tutaongea lugha nyingine.

Kuna mwanga mwingine ambao wengi hawauhesabu kama mwanga. Saratani ikishakomaa, tiba kubwa ni mionzi, na kwa mtu wa Ngara hiyo maana yake ni Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya gama ya kobalti ni fotoni, kama zile za tochi ya sista, tofauti ni nishati: fotoni moja ya gama ina nishati zaidi ya mara laki sita ya fotoni ya mwanga mwekundu. Mabadiliko ya awali, tochi inayaona na ncha ya moto inayamaliza kwa dakika moja, pale wilayani. Yakiachwa miaka 15, unahitaji fotoni za aina ile, kuta nene za zege, wiki nyingi za kulala mjini kwa ndugu, na hakuna anayekuahidi kupona.

Wewe umezaliwa mwaka gani?

Tanzania ilianza chanjo ya HPV nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Piga hesabu: ni waliozaliwa kuanzia mwaka 2004 hivi. Maana yake kwenye chumba kimoja cha hosteli anaweza kulala aliyezaliwa 2003 ambaye hakuwahi kuitwa kwenye mstari, na wa 2004 aliyechomwa shuleni. Rwanda, ng'ambo tu ya daraja la Rusumo, walianza mwaka 2011. Msichana wa ng'ambo ile na wa upande wetu, wanaosalimiana bila mkalimani, walipishana miaka saba kwa sababu ya mto. Baadaye jaribio la DoRIS lililofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 likaonyesha kwamba dozi moja inajenga kinga kwa karibu wote, na mwaka 2024 nchi ikahamia dozi moja. Ule ushahidi umetoka Kanda ya Ziwa, kwa wadogo zetu, na umesomwa dunia nzima.

Chanjo haitibu HPV iliyokwishaingia, na haizuii aina zote. Kwa hiyo aliyechanjwa naye atapimwa umri ukifika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema wanawake waanze miaka 30, na wenye VVU waanze 25, tena unapendekeza kianze kipimo cha vinasaba vya HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Wengine wanasema hapo ndo mwisho wa tochi na siki. Mimi sioni hivyo. Kipimo cha vinasaba kinasema virusi vipo, hakisemi viko pembe ipi, vimeharibu kiasi gani, wala kama ncha ya moto itafunika eneo lote. Bado mtu lazima amulike na aangalie kabla ya kutibu.

Wengi wenu bado hamjafika 30, najua. Lakini mama, mama mkubwa na shangazi wamefika, na wao hawasomi gazeti la umoja wa wanafunzi. Maswali watakayokuuliza ukiwapigia ni yaleyale niliyoyasikia Ngara kila siku. Inauma? Kile kifaa cha kufungulia njia kinabana kidogo, siki inachonyota kidogo, basi. Anayepima ni mwanamume? Anaruhusiwa kuuliza na kuomba mwanamke. Mzee lazima akubali kwanza? Hapana. Inachukua muda gani? Kitandani, kama dakika kumi. Na asiende akiwa kwenye siku zake: atarudishwa, kwa sababu damu inameza mwanga na sista hataona kitu.